Mfuko wa Vigingi

Kwa Mama Mahema hukodi hema ukaondoka hivi hivi. Ukiingia dukani mwake ukasema unakwenda kwenye tamasha la muziki, lile la kila mwaka kwenye viwanja vya nje ya mji, na kwamba kila kitu umeshaandaa, atakutazama kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha atasogeza pembeni kitambaa anachoshona, atavua miwani na kukuuliza, "Haya, umefika. Ni mchana, jua linawaka. Unafanya nini?"

Ole wako umjibu kwamba unakwenda moja kwa moja jukwaani.

"Na hema nani anakusimamishia? Mpiga gitaa?"

Hapo ndipo safari yako inapoanza upya, pale pale kwenye benchi la dukani. Jua limekuchoma, kofia iko wapi? Umeimba mpaka koo limekauka, chupa ya maji iko wapi? Giza limeingia, choo kiko kule mwisho wa uwanja na njia nzima imejaa kamba za mahema ya watu. Utapitaje bila tochi? Haya, umefika chooni. Karatasi je? Vijana hucheka wakifikishwa hapo, naye huwaacha wacheke, kwa sababu wanaocheka huwa ndio wasiokuwa nayo. Mvua imenyesha, soksi zimelowa, nguo kavu ziko wapi? Kwenye begi. Na begi liko wapi? Kwenye maji. Basi nguo zilitakiwa zifungwe kwenye mfuko wa nailoni kwanza, ndipo ziingie begini. Jirani wa hema la pili anakoroma, na yule wa tatu amekuja na ngoma yake. Vizibo vya masikio viko wapi? Mpaka umalize kulala na kuamka Jumapili, umeshatumwa duka la pili kununua vitu ulivyokuwa umeapa kwamba huvihitaji.

Kupakia pia alipakia mwenyewe. Kitakachotakiwa kwanza kilikaa juu na kitakachotakiwa mwisho kilikaa chini, na hema, ndani ya mfuko wake, lilifungwa juu ya vyote. Watu wengi hulitia chini kabisa kwa sababu ni zito, halafu mvua ikiwakuta wanamwaga nguo zao zote kwenye matope wakilitafuta. Mama Mahema alikuwa akiwasimulia hayo kwa raha isiyofichika.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo hukulikuta kwa mkodishaji mwingine. Zamani wateja walikuwa wakirudi na kusema kile kimfuko cha vigingi kimedondoka njiani, na hema bila vigingi ni shuka tu. Akachoka. Akaanza kukishona kimfuko kwenye mdomo wa mfuko wa hema, kwa ndani, kwa uzi mwekundu wa pamba. Ulikuwa mshono wa juujuu ambao mtu akifika anauvuta kwa mkono na unakatika. Tangu hapo hakikupotea hata kigingi kimoja, na sifa za duka zikaenda mbali.

Yeye mwenyewe hakuwahi kulala kwenye hema maishani mwake. Ukimuuliza anakujibu, "Nilale nje kwani nyumba imeungua?"

Alikuwa na binti mmoja tu, aliyeitwa Zipu na mtaa mzima. Alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa, akifungua na kufunga zipu za mahema ya watu mpaka nyingine zikafa mikononi mwake. Baba mtu alikwenda kutafuta maisha, na bila shaka aliyapata, maana hakurudi. Wakabaki wawili, mama na mwana, na cherehani katikati yao. Mama alishona, mtoto alivuta nyuzi. Mama aliuliza wateja maswali, mtoto aliyajibu kimoyomoyo, na alipofika umri wa kwenda shule aliweza kuipakia safari ya mtu asiyemjua tangu kofia mpaka soksi.

Sasa Zipu alikuwa amemaliza chuo cha ufundi wa umeme na amepata kazi. Na alikuwa na rafiki, msichana mwembamba waliyesoma naye, ambaye kila mtu alimwita Kijiti. Mama Mahema hakumpenda Kijiti. Ukimbana aseme msichana yule amemkosea nini, hakuwa na la kusema. Kijiti alikuwa na adabu, alicheka kwa sauti, alikula akiwekewa, na aliosha sahani bila kuambiwa. Kosa lake ni kwamba yeye ndiye aliyekipata kile chumba cha kupanga, cha kukaa wao wawili.

"Kipo karibu na kazini, mama," Zipu alisema siku moja huku akimenya vitunguu, bila kumtazama. "Tunafikiria tukitoka kwenye tamasha tuhamie."

"Vizuri," Mama Mahema akasema. Alikuwa ameshajitangaza kwa mdogo wake, kwa jirani yake fundi viatu na kwa wateja kadhaa wasiohusika kwamba yeye si mama wa kumng'ang'ania mtoto. Mtu akishajisifu hivyo mbele za watu, atarudije nyuma? Akasema vizuri mara ya pili, akaenda chumbani akakaa kitandani na kuutazama ukuta.

Alhamisi jioni wakapakia. Zipu aliliomba lile hema la buluu, kubwa, la mtindo wa zamani, ambalo alilichezea utotoni. Haya ya kisasa hujisimamia yenyewe kwa fito zake, lakini lile la buluu halisimami bila vigingi.

"Haya, umefika," mama akasema. "Ni mchana, jua linawaka."

"Nasimamisha hema kabla ya kwenda popote," Zipu akadakia. "Nachagua mahali palipoinuka kidogo, mlango nauelekeza kusiko na upepo. Kofia ninayo. Maji ninayo. Tochi ipo mfuko wa pembeni, natoa bila kutazama. Karatasi..."

"Karatasi?"

"Ndani ya nailoni, mama!"

Wakacheka mpaka Zipu akaegemea begi. Kisha akachukua taulo akaenda kuoga, na maji yakaanza kusikika yakimwagika ndani ya ndoo.

Mama Mahema akatunga sindano uzi mwekundu. Akakishona kimfuko cha vigingi mahali pake kama alivyowashonea watu wote, akafunga fundo, akauma uzi. Kazi ikawa imekwisha. Akakaa akiutazama mkono wake ukienda mezani na kuchukua mkasi.

Hakutaka mtoto aumie. Hilo aliliapia baadaye, peke yake, mara nyingi. Alitaka ashindwe. Kidogo tu. Wafike kule, hema ligome kusimama, jua lizame, washikane mashati yeye na yule Kijiti wake, kisha usiku huo huo mlango ugongwe na sauti iseme, mama, nimerudi. Naye angefungua, angechemsha maji ya kuoga, asingeuliza chochote. Na chumba kile kingesahaulika chenyewe.

Akakata nyuzi. Mkasi wake wa kukatia turubai ulikuwa mkali, haukutoa hata sauti. Kimfuko akakitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo, akafunga mdomo wa mfuko wa hema na kuukaza kwa kamba mara mbili. Zipu aliporudi akinukia sabuni alimkuta mama yake akifagia sakafu ambayo ilikuwa imeshafagiliwa.

Ijumaa asubuhi Kijiti alikuja na begi lake mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Hema nabeba mimi, mama. Huyu wako atatuangusha, si unamjua mabega yake." Akaliinua na kulipiga piga. "Tukague kwanza kama kila kitu kimo?"

Hapo Mama Mahema alikuwa na nafasi. Angeweza kujipiga kofi kwenye paji la uso na kusema, hebu, vigingi je! Wangecheka, na wangeondoka salama, na hadithi hii isingekuwepo.

"Usijisumbue kukagua," Zipu akasema huku akifunga viatu. "Mama akishafunga, kimefungwa."

Mama Mahema akawapungia mkono mpaka wakakata kona.

Siku hiyo alishona vibaya. Alishona mfuko wa mtu kinyume, akaufumua, akaushona tena kinyume vilevile. Mchana ujumbe ukaingia kwenye simu: "Tumefika salama mama." Akasubiri wa pili, ule wa kuuliza vigingi viko wapi. Haukuja. Jua likazama na mlango haukugongwa. Kisha mvua ikaanza, mwanzo matone machache kwenye bati, halafu ikashuka kwelikweli, mvua ya hasira, na yeye akakaa kwenye kiti akiwa amevaa viatu kana kwamba kuna mahali anakwenda. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu mvua imenyesha, soksi zimelowa. Leo mvua ilikuwa imenyesha kweli, na aliyelowa alikuwa wake.

Akaandika ujumbe: "Mko salama?" Jibu likaja: "Tuko salama mama. Lala." Alimjua mwanawe. Zipu angeweza kuwa anaandika hayo huku maji yamemfika magotini.

Jumamosi ndiyo siku ya biashara, kwa wale wanaokwenda kwenye tamasha wakiwa wamechelewa. Mteja wa kwanza alikuwa kijana mwenye ndevu changa, akataka hema la mtu mmoja. Mama Mahema akavua miwani.

"Haya, umefika," akasema. "Ni mchana..."

Kijana akasubiri. Mama Mahema akamkabidhi hema bila swali hata moja, akamsukumia nje, akaenda kwenye droo, akatoa kile kimfuko kutoka chini ya vifungo na kukitia kwenye mkoba wake pamoja na nyundo ya mpira. Akafunga duka.

Fundi viatu wa mlango wa pili akainua kichwa, misumari midomoni. Akaitema mkononi. "Jumamosi hii unafunga? Umefiwa, au umeposwa?"

"Nina dharura."

"Ya mposa?"

"Shona viatu vyako, baba," Mama Mahema akasema, naye fundi akaona uso wake na kuacha mzaha.

Garini alikaa dirishani na kuitengeneza sentensi yake. Nimekikuta nyuma ya cherehani. Aliisema kwa mshangao, akaona mshangao umezidi. Akaisema kwa uchovu. Nimekikuta nyuma ya cherehani, mwanangu, uzee huu. Hiyo ilikuwa nzuri. Ilimfanya msahaulifu, na msahaulifu husamehewa. Kufikia kituo cha mwisho alikuwa karibu kuiamini.

Kutoka kituoni ulikuwa mwendo wa njia ya udongo mpaka viwanjani. Ngoma na magitaa vilisikika kutoka mbali, vikiletwa na upepo na kuondolewa. Vijana walimpita na kofia zao na mabuti yao ya mvua, wengine wamebeba mahema aliyoyatambua kwa viraka. Wawili walimsalimia: "Mama Mahema! Na wewe umekuja kucheza?" Akatabasamu kwa shida.

Kwenye kona, kando ya njia, mtu alikuwa ameinama akipekua majani kwa fimbo. Alikuwa amevaa sweta lililolowa mpaka limeshuka magotini, na viatu vyake vilikuwa matope matupu. Akainuka. Alikuwa Kijiti.

"Mama!" Kijiti akasema, na uso wake ukabadilika kana kwamba amefumaniwa. Akaitupa fimbo. "Shikamoo. Amekupigia simu? Amekwambia?"

"Ameniambia nini?"

Kijiti akaanza kulia. Alilia kama wanavyolia watu waliojizuia tangu jana, bila kujifuta.

"Nimepoteza vigingi vyako, mama. Mimi ndiye niliyebeba. Tuliposhuka garini niliona joto, nikafungua mfuko wa hema nikasukumia sweta langu ndani. Sikufunga vizuri. Lazima kilidondoka hapo. Tumelowa sote kwa sababu yangu. Nimetafuta jana mpaka giza, na leo tangu asubuhi. Nisamehe, mama. Nitavilipa."

Kimfuko kilikuwa mkobani, kwenye ubavu wa Mama Mahema. Alikisikia kikimchoma. Sentensi yake ilikuwa tayari, nimekikuta nyuma ya cherehani, ilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na hata ule uongo ungetosha kumwokoa msichana huyu. Lakini msichana alikuwa ameomba msamaha, na mdomo wa mtu mzima una mazoea yake.

"Usilie, mwanangu," mdomo ukasema. "Ni mambo ya kawaida. Nimekusamehe."

Akiwa ameshayasema hayo, angekitoaje? Umemsamehe mtu kosa, kisha utoe mkobani ushahidi kwamba hakulitenda? Akabaki amesimama kwenye njia ile, mtu mzima na nywele zake za mvi, akishukuriwa.

"Asante, mama. Asante sana," Kijiti akasema akishika mikono yake miwili. "Wewe tangulia. Mimi nimalizie mpaka kituoni, bado sijaangalia upande ule wa mtaro."

Na Mama Mahema akamwacha aende. Akamtazama anainama, anasogeza majani, anapiga hatua, anainama tena. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Hakuwahi kujichukia namna ile. Akageuka akaenda upande wake.

Hema la buluu aliliona kabla hajawaona watu. Yote mengine yalikuwa yamesimama, na lenyewe lilikuwa limening'inia. Upande mmoja walikuwa wameufunga kwenye uzio, upande wa pili kwenye pipa la taka, na katikati lilikuwa limebonyea na kushika maji. Nguo zilikuwa zimeanikwa kwenye uzio wote. Zipu alikuwa amechuchumaa akikamua soksi. Alikuwa amevaa koti la mvua, na kofia, na tochi ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni. Kila alichofundishwa kilikuwa mahali pake.

Akainua macho akamwona mama yake. Hakushtuka. Hakuuliza umefikaje wala kuna nini nyumbani.

"Umevileta?" akauliza.

Ile sentensi ya garini ikapotea yote. Mama Mahema akafungua mkoba, akatoa kimfuko, akakinyoosha. Zipu hakukipokea. Akanyanyuka akachukua mfuko wa hema uliokuwa kwenye uzio, akageuza mdomo wake nje na kumwonyesha. Ncha fupi za uzi mwekundu zilikuwa zimejipanga pale, zote sawasawa, laini.

"Uzi ukivutwa kwa mkono unaacha manyoya," Zipu akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Ukikatika wenyewe pia unaacha manyoya. Hizi zimekatwa, mama. Tena kwa mkasi wa turubai. Mimi nimekulia chini ya ile meza."

"Uliona lini?"

"Jana. Nilipofungua tu."

Muziki ulikuwa umeanza upya kule jukwaani na watu walipiga kelele za furaha. Mama Mahema alitaka kukaa chini, lakini chini palikuwa matope.

"Sasa mbona..." akaanza. "Nimemkuta mwenzako njiani. Anatafuta kwenye mitaro. Mbona hukumwambia?"

"Ningemwambia nini?" Zipu akasema, na sasa machozi yalimtoka. "Kwamba mama yangu alitukatia? Kabla sijafungua mdomo yeye akasema, mimi ndiye nimepoteza, nilitia sweta humo. Alisema haraka, mama. Nikaona afadhali. Nikanyamaza. Usiku akachagua kulala upande unaovuja, akasema ni haki yake. Nikamwacha alale pale. Leo asubuhi akaondoka kwenda kutafuta, nikamwacha aende."

"Na mimi nimemwacha aende," Mama Mahema akasema. "Ameniomba msamaha. Nikampa."

Zipu akamtazama. "Umempa," akasema.

Hapo ndipo Mama Mahema alipoelewa alichokikata. Alidhani ni jambo lake na droo yake. Kumbe alikuwa amemwachia mwanawe mzigo, na mwanawe, kwa kumsitiri, alikuwa amegeuka mtu wa kumwangalia rafiki yake akilala kwenye maji. Hilo hakuwahi kumfundisha. Lilitoka kwake hata hivyo.

"Usiseme chochote akirudi," akasema. "Nitasema mimi."

Kijiti alirudi na mzigo wa vijiti kifuani, alivyovikata mtaroni na kuvichonga ncha kwa kisu. Vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo. "Sikukiona," akasema kwa sauti ya kuchangamsha watu. "Lakini nimepata wazo..."

"Weka chini, mwanangu," Mama Mahema akasema. "Hukupoteza kitu. Vigingi ni hivi hapa. Havikutoka nyumbani. Nilivitoa mimi kwenye mfuko, kwa makusudi, ili mshindwe mrudi. Sikutaka mhamie kwenye kile chumba."

Kijiti hakuweka vijiti chini. "Sikupoteza mimi?"

"Hukupoteza."

"Nilipotia sweta..."

"Havikuwemo."

"Na pale njiani, tuliposimama, wewe..."

"Vilikuwa humu." Akagonga mkoba.

Kijiti akakaa juu ya begi, bado amekumbatia vijiti vyake. "Sikupoteza mimi," akarudia, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akamgeukia Zipu, na ilionekana kwamba swali lilikuwa linamjia polepole. "Wewe ulijua?"

"Nilijua," Zipu akasema.

"Alikuwa ananisitiri mimi," Mama Mahema akasema haraka. "Lawama zote ni zangu, mwanangu, yeye..."

"Mama," Zipu akasema. "Basi."

Kijiti hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alikaa mpaka wimbo mmoja ukaisha huko jukwaani. Kisha akanyanyuka, akachukua kimfuko mkononi mwa Mama Mahema, akatoa kigingi, akaokota jiwe na kuanza kukipigilia. Mama Mahema akamnyooshea nyundo ya mpira. Kijiti akatikisa kichwa, akaendelea na jiwe lake. Baadaye kidogo Zipu akaenda akachuchumaa upande wa pili na kuishika kamba ikazwe. Kijiti hakumwangalia, lakini hakumwambia aondoke.

Mama Mahema alitaka kusaidia. Alijua kwamba kile kigingi cha pembeni kiliingizwa kimesimama mno, kilitakiwa kilale kidogo. Akashika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Nenda nyumbani, mama," Zipu akasema bila kuinuka. "Nitakuja kesho kuchukua vitu vyangu."

Jumapili jioni walikuja wote wawili, wamebabuka kwa jua, sauti zimewakauka kwa kuimba. Hema la buluu lilikuwa limekunjwa vizuri na vigingi vimeoshwa. Kijiti alisimama mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

"Hapa panatosha, mama."

Zipu akapakia mwenyewe. Mama Mahema alikaa kwenye kiti cha cherehani, mikono mapajani, akatazama nguo zikiingia, na viatu, na kile kitabu cha umeme, na shuka la kitandani ambalo binti alilitia juu kabisa, kwa kuwa ndilo litakalotakiwa kwanza. Alikuwa amemtayarishia begi la vyombo: sufuria mbili, sahani, vikombe vilivyoviringishwa kwenye magazeti, sabuni, kiberiti na kamba ya kuanikia. Alilifunga tangu asubuhi na kuliweka karibu na mlango.

Zipu akaliinua, akalipima uzito. Akafika nalo mpaka kizingiti, akasimama. Akarudi. Akaliweka juu ya meza ya kukatia vitambaa, chini ya taa, akafungua zipu.

Akatoa sufuria. Akatoa sahani. Akafungua magazeti, akatazama kikombe kimoja kimoja, akatikisa kiberiti akasikiliza. Hakuwa na hasira. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa aibu na hakumtazama mama yake hata mara moja, lakini hakuruka kitu. Mama Mahema akasubiri palepale kitini mpaka akamaliza.

"Kila kitu kimo," Zipu akasema, akaanza kuvirudisha.

"Ndiyo," Mama Mahema akasema.